Jiji la Viwanja Visivyo na Paa

Mpira wa kikapu ulizaliwa ndani ya nyumba. Desemba 1891, mjini Springfield katika jimbo la Massachusetts, mwalimu wa YMCA aitwaye James Naismith alikuwa na darasa la vijana waliochoshwa na mazoezi ya viungo, na nje kulikuwa na baridi isiyomruhusu mtu kutoka. Akaomba masanduku, akaletewa vikapu viwili vya matunda, akavipigilia misumari kwenye ukingo wa roshani ya ukumbi. Roshani hiyo ilikuwa na kimo cha futi 10. Pete zote za leo, kuanzia Chicago hadi Dunga, kando ya Ziwa Victoria, zinatundikwa kwenye kimo hichohicho, mita 3.05.

Kinachowakimbiza wachezaji wa Nyalenda, mtaa wa jiji la Kisumu, ni mvua. Mchana jua hupasha nchi kavu kuliko maji, upepo wa ziwani unaingia bara, unakutana na ule unaoteremka kutoka milima ya Nandi, na kufikia alasiri mawingu meusi yameshajazana juu ya Kisumu. Hiyo ndiyo saa wanafunzi wanatoka shule na mafundi wanafunga vibanda. Matone ya kwanza yakigonga saruji, vumbi la siku nzima linageuka utelezi. Mpira uliochakaa hadi vipele vyake vikaisha haushikiki tena. Ukiudunda, unachepuka pembeni badala ya kurudi mkononi. Anayegeuka ghafla anaanguka na goti linachunika. Basi watu wanakimbilia kibaraza cha duka, mpira kwapani, wanasubiri. Machi hadi Mei wanaweza kusubiri mpaka usiku uingie.

Jiji hili la tatu la Kenya lina viwanja vya mpira wa miguu, lina kumbi za mikutano, lina hoteli za kufanyia semina hadi uchoke. Ukumbi wa umma wa mpira wa kikapu, wenye sakafu ya mbao, ngazi za watazamaji na paa, halina. Historia ya jengo lisilojengwa inaweza kuandikwa kama ya lile lililojengwa, kwa sababu nayo ina majina, miaka na watu waliokuwa na fedha wakaamua kuzitumia kwingine.

Tuanze na reli. Ilifika ufukweni mwa ziwa tarehe 20 Desemba 1901, na mahali hapo pakaitwa Port Florence kwa heshima ya Florence Preston, mke wa mhandisi aliyesimamia utandazaji wa reli. Mji uliokua ukagawanywa kwa rangi ya ngozi: Wazungu Milimani, wakitazama maji, Wahindi katikati, kwenye maduka, Waafrika pembeni. Kila kundi lilicheza kwake. Wazungu walikuwa na Klabu ya Nyanza kando ya ziwa. Wahindi walijijengea klabu na kumbi zao kwa michango ya jamaa na madhehebu, na ndani yake watoto wao walicheza bila kujali mvua. Mwafrika aliingia humo kufagia au kupika.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni ilianza kujenga kumbi za kijamii katika mitaa ya Waafrika ya miji ya Kenya. Nia haikufichwa sana: mfanyakazi apate pa kushinda jioni, asije akaingia kwenye siasa. Siasa ikaingia ukumbini. Kaloleni ya Nairobi ndiyo mfano maarufu, ukumbi wake ulihudhuriwa na wanasiasa wengi mno hata wenyeji wakauita bunge.

Ukitaka kujua kwa nini kumbi hizo hazikulea mpira wa kikapu, ingia katika mmoja ukiwa na futi kamba. Upande mmoja kuna jukwaa la saruji, limepanda hadi kiunoni mwa mtu mzima. Upande wa pili kuna mlango wa mabawa mawili. Mapangaboi yananing'inia kwenye kenchi, na sakafu ni saruji iliyosuguliwa ikang'aa. Uwanja kamili unataka mita 28 kwa 15, na kuuzunguka pawe na mita 2 zisizo na kizuizi chochote, la sivyo mchezaji anayekwenda mbio atapiga ukuta. Juu, kitu cha kwanza kinachoning'inia kisiwe chini ya mita 7. Ukumbi wa jukwaa haufiki vipimo hivyo, wala haukukusudiwa kuvifikia. Unafaa kwaya, harusi, ngumi, kikao cha chama na usiku wa benga. Aliyeuchora aliona watu waliokaa kwenye viti wakitazama mbele.

Kisumu ilikuwa na kumbi zake, na mmoja kati ya hizo ulikuwa na hadithi nzito kuliko za serikali. Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi na kiongozi katika Luo Union, umoja wa Waluo, aliuawa mwaka 1953, katika siku za Hali ya Hatari. Luo Union, ikiongozwa na Oginga Odinga kama Ker, yaani mkuu wake, iliamua kumjengea kumbukumbu Kisumu. Makarani, mafundi wa reli na wapishi wa mahotelini walichangishwa, kuanzia Mombasa hadi Kampala na Dar es Salaam, na Ofafa Memorial Hall ikasimama. Naitaja kwa sababu mara nyingi husemwa kwamba watu wa ziwa hawana ukumbi wa michezo kwa kukosa uwezo au umoja. Katika miaka ya 1950 walijenga ukumbi kwa mfuko wao wenyewe bila ruzuku ya mtu. Walichotaka wakati huo kilikuwa mahali pa kusemea, na ukumbi wa kusemea ndio walioupata.

Uhuru ulipokuja, ukumbi wa kijamii wa mji ukawa wa manispaa, na mwaka 1965 manispaa hiyo ikapata meya mwanamke, wa kwanza Kenya nzima: Grace Onyango, mwalimu, ambaye mwaka 1969 alichaguliwa mbunge, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa bungeni nchini. Kituo cha kijamii cha mjini kinaitwa kwa jina lake leo na kimekarabatiwa vizuri. Vijana wanajifunza humo, wanacheza ngoma na maigizo.

Mwaka huohuo wa 1969 ndio uliopindisha mambo. Waziri Tom Mboya, Mluo, aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai. Oktoba 25, Rais Jomo Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Umoja wa Kisovieti, ile ambayo mpaka leo mzee yeyote wa mjini ataiita Russia. Maneno makali yakarushwa hadharani baina yake na Odinga, umati ukachafuka, walinzi wakafyatua risasi. Watu wakafa, watoto wakiwemo. Chama cha Odinga, KPU, kikapigwa marufuku, mwenyewe akawekwa kizuizini, na Kenyatta hakurudi Kisumu tena hadi kufa kwake mwaka 1978.

Majengo makubwa ya michezo ya Kenya yalianza kuzuka baada ya hapo, na yote yalikuwa zawadi ya serikali kwa mahali ambapo serikali ilijisikia nyumbani. Nyayo ilifunguliwa Nairobi mwaka 1983, ikiwa na ukumbi wake wa ndani. Kisha Kenya ikapewa uenyeji wa Michezo ya Afrika ya 1987. Wachina wakaja na wahandisi na mkopo, na Kasarani ikapata uwanja wa watu 60,000, bwawa la kuogelea, na ukumbi wa ndani wa watu wapatao 5,000. Huo ndio ukawa ukumbi mkubwa wa mpira wa kikapu nchini. Mwaka 1993 mashindano ya Afrika ya wanaume yalichezwa Nairobi. Angola ikatwaa ubingwa kama kawaida yake, na Kenya ikamaliza ya nne, nafasi ambayo haijaifikia tena.

Watu wa Kisumu wanaufahamu sana ukumbi wa Kasarani, ila si kwa mpira. Machi 2002 vyama vya KANU na NDP ya Raila Odinga, mwana wa Oginga, viliungana Kasarani. Septemba 2007 chama cha ODM kilimteua Raila hapohapo kugombea urais. Februari 2014 uchaguzi wa ndani wa chama hichohicho ulivunjika Kasarani baada ya vijana waliovaa suti nyeusi kupindua meza na masanduku ya kura. Na Julai 26, 2015, Barack Obama, akiwa rais wa Marekani, aliwahutubia Wakenya ndani ya ukumbi huo. Mpenda mpira wa kikapu kuliko marais wote waliomtangulia alisimama katikati ya ukumbi mkubwa wa mchezo wake nchini mwa baba yake, na hapakuwa na pete hata moja mbele ya macho. Ukumbi uliojengwa kwa ajili ya mpira umeishia kufanya kazi ya Ofafa Memorial Hall.

Na huyo Obama ana uzi wake kwenye habari hii. Baba yake, Barack Obama mkubwa, alisoma Maseno, shule iliyoanzishwa na wamishenari wa CMS mwaka 1906, si mbali na Kisumu. Mwaka 1971 alisafiri kwenda Honolulu kumwona mwanawe wa miaka 10, na zawadi aliyompa ilikuwa mpira wa kikapu. Hawakuonana tena. Maseno yenyewe imekuwa miongoni mwa shule zinazoogopwa katika mchezo huo, na kusini zaidi, Oyugis, Agoro Sare nayo ikajijengea jina. Vijana wa shule hizo wamekulia kwenye saruji ya nje, ratiba ya mazoezi ikiandikwa na kocha na kufutwa na mvua.

Mombasa ni kisa kingine kabisa. Huko serikali kuu haikuhitajika sana. Kulikuwa na mwajiri mkubwa. Mamlaka ya Bandari, KPA, ina ukumbi wake wa Makande, na kutoka humo ikatoka timu ya wanawake iliyotawala ligi ya Kenya na kuogopwa katika kanda ya Afrika Mashariki. Mchezaji wa KPA huweza kuwa mwajiriwa pia: ana mshahara, ana saa za mazoezi, ana sakafu kavu. Mpira wa kikapu wa Kenya kwa sehemu kubwa umeishi kwenye daftari za mishahara, za bandari, benki, jeshi, vyuo vikuu. Ligi hii ukiifuatilia kwa miaka kadhaa utagundua kwamba msimamo wake unaeleza afya ya waajiri kuliko vipaji vya mitaa.

Kisumu nayo ilikuwa na bandari. Mwaka 1966 meli ya Uhuru iliingia ziwani, ikibeba mabehewa ya reli hadi Jinja, Port Bell na Mwanza. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, Shirika la Reli likagawanywa nchi tatu, na gati ya Kisumu ikaanza kuota kutu. Kiwanda cha nguo cha KICOMI kikafunga milango katika miaka ya 1990. Kiwanda cha bia kikafuata mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisirudi hadi 2019. Gugu maji likafunika ghuba. Waajiri ambao mahali pengine wangedhamini timu na kuezeka ukumbi walikuwa wanahangaika kulipa mishahara ya mwezi, na mwishowe wakaacha hata hiyo. Nadhani hapa ndipo pa kutazama kabla ya kulaumu siasa peke yake. Siasa iliinyima Kisumu Kasarani yake. Kuanguka kwa reli, pamba na bandari kuliinyima Makande yake.

Sasa Nyalenda, kwa sababu ardhi nayo ina kesi yake. Kwa miongo mingi eneo hili lilikuwa nje ya mpaka wa mji, mashamba ya koo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mpaka ukasogezwa, na Nyalenda, pamoja na Manyatta na vijiji vingine vilivyouzunguka mji, ikawa ndani ya manispaa huku kila kipande kikiwa na mwenyewe mwenye hati yake. Tofauti na Kibera ya Nairobi, ambako ardhi ni ya serikali, hapa mwenye ploti ni mama au mzee fulani anayejulikana, na kaburi la babake liko uani. Baraza la mji halikuwa na hata pembe moja ya kuweka kiwanja. Upande mmoja wa barabara ya Ring ni Milimani yenye ua wa michongoma na nyasi za kumwagilia. Ukivuka tu, uko kwenye vyumba vya kupanga vilivyopangwa mistari.

Pigeni hesabu. Uwanja wa kikapu pamoja na pambizo zake unakula mita 32 kwa 19, takriban sehemu ya saba ya ekari. Kwenye kipande hicho mwenye ploti anaweza kusimamisha vyumba zaidi ya 30 vya futi 10 kwa 10, akabakiza njia na choo, na kila mwisho wa mwezi akazunguka na daftari lake. Hata mpenda michezo namba moja angefikiri mara mbili. Ndiyo maana pete zilizopo Nyalenda na jirani zake zimesimama kwenye ardhi za makanisa na shule. Pandpieri, ambako Padre Hans Burgman wa shirika la Mill Hill alianzisha kazi yake ya mitaani mwishoni mwa miaka ya 1970, imekuwa mahali pa sanaa, michezo na watoto wa mitaani kwa sababu hiyohiyo: kanisa lilikuwa na eneo. Na kuelekea ziwani, ambako bado kuna nafasi, nchi ni ya mafunjo na maji. Mei 2020 ziwa lilipanda kupita rekodi ya 1964, likaingia Dunga na sehemu za chini za Nyalenda. Sakafu ya mbao ingetutumka wiki ya kwanza.

Kisumu ilitangazwa jiji mwaka 2001, katika maadhimisho ya miaka 100 tangu reli ifike. Ugatuzi ukaja mwaka 2013, na mlango ambao ulifungwa tangu 1969 ukafunguka. Madaraka Dei ya Juni 1, 2021 ililetwa Kisumu, na kwa ajili yake uwanja mpya wa watu 30,000 ukajengwa Mamboleo na kupewa, si bila kejeli ya historia, jina la Jomo Kenyatta. Mwaka uliofuata, Mei 2022, mkutano wa Africities ulikuja, mara ya kwanza kufanyika katika jiji la ukubwa wa kati, na pakatengenezwa kituo cha mikutano hapohapo. Fedha zilipatikana, makandarasi walilala kazini, na vitu viwili vilijengwa: uwanja wa wazi wa kukusanyika na mahali pa hotuba. Wageni walikuwa viongozi na mameya, hivyo tukawajengea viti. Angekuja mgeni mwenye mpira wa kikapu mkononi, pengine tungekuwa na sakafu.

Rwanda ilimwita mgeni wa namna hiyo. Mwanzoni mwa 2019 kampuni ya Kituruki, Summa, ilianza kazi Kigali. Agosti mwaka huo ukumbi wa watu 10,000 ukafunguliwa. Baada ya miaka miwili ukawa nyumbani kwa ligi mpya ya bara, BAL, na kwa mashindano ya Afrika ya wanaume. Kenya ilifuzu kwenda huko kwa kuishangaza Angola, 74 kwa 73, Yaoundé, Februari 2021, Tyler Ongwae akitumbukiza mpira saa ikiisha. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka 28, na kocha Liz Mills kutoka Australia akawa mwanamke wa kwanza kuongoza timu ya wanaume kwenye mashindano hayo. Kigali, Kenya iliifunga Mali, kisha ikatolewa na Sudan Kusini, 60 kwa 58.

Ushindi huo wa Sudan Kusini hutumiwa siku hizi kama hoja kwamba kumbi si lazima. Nchi iliyokuwa haina ukumbi wa ndani hata mmoja wa kiwango hicho ilifika Olimpiki ya Paris mwaka 2024 ikaifunga Puerto Rico, na kabla ya hapo, London, iliwatoa jasho Wamarekani mpaka pointi moja, 101 kwa 100. Kando ya ziwa habari hizi zilipokewa kama za ndugu wa damu. Lakini tazama wachezaji wale walikulia wapi. Luol Deng, anayeongoza shirikisho lao, alianza kufundishwa akiwa mkimbizi Misri, akakulia London, akacheza Chicago. Wenzake wametoka Australia, Kanada, Marekani. Kumbi walikuwa nazo tele. Zilikuwa mali ya majiji ya watu wengine. Vita viliwapeleka penye paa. Sioni mzazi wa Nyalenda atakayetaka mwanawe aupate uwanja kwa njia hiyo.

Julai 16, 2018, Obama alirudi Kogelo, kijiji cha ukoo wake, kufungua kituo cha Sauti Kuu, cha dada yake Auma. Masai Ujiri, wakati huo mkuu wa Toronto Raptors, alikuwa amejenga hapo uwanja wa kikapu kupitia Giants of Africa, wenye rangi zinazowaka na mistari iliyonyooka, na rais mstaafu akarusha mpira. Ni uwanja mzuri kuliko karibu vyote nilivyoviona kando ya ziwa. Hauna paa.

Kwa hiyo ukiuliza nani anaweza kujenga ukumbi Kisumu leo, orodha ni fupi. Kaunti ina ardhi Mamboleo, kilomita kadhaa kutoka Nyalenda, nauli ya matatu kwenda na kurudi kwa kijana ambaye chakula chake cha mchana ni chapati na maharagwe. Vyuo vikuu vina ardhi, ila vina madeni. Kuna wa tatu, ambaye sijasikia akitajwa kwenye mikutano ya wadau wa michezo. Gati ya Kisumu imekarabatiwa kwa mabilioni, meli ya Uhuru imerudi majini ikibeba mafuta kwenda Uganda, na bandari yenyewe sasa iko mikononi mwa KPA, mamlaka ileile yenye ukumbi wa Makande. Mabohari ya zamani ya reli bado yamesimama kando ya maji, yenye kuta ndefu na paa za mabati zilizo juu sana kuliko za ukumbi wowote wa jukwaa. Mtu aende na futi kamba.